Neno Nililomfasiria Haji Twaha

Mwalimu Sudi,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha mkono ukasimama. Wewe ulikuwa unaitikia "marahaba, mwanangu" kabla mtu hajamaliza kuamkia, na sasa ni kimya.

Nipo Satwa, kwenye duka la mshonaji. Ni saa nane mchana, shata imeshushwa mpaka saa kumi, na wenzangu wawili wamejinyoosha juu ya majora ya vitambaa. Mimi silali. Leo lazima nimpigie simu mkeo, Bi. Mwanaidi, nimwambie jambo nililomficha tangu ulipokufa. Nimelikwepa wiki baada ya wiki. Nimeona nianze kwako, maana wewe sijawahi kuweza kukudanganya. Na kwa kuwa sijui marehemu mnajua nini na hamjui nini, nitakueleza yote kama mtu aliyekuwa safarini.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa Pendo wa chai. Nilifagia ofisi ya godauni kule Ras Al Khor, nikachemsha chai ya maziwa, nikapeleka vikombe katikati ya rafu za injini na giaboksi. Wewe ulikuwa mkalimani. Warusi waliokuja kununua spea hawakutaka mwingine. Ulisoma ufundi kwao ukiwa kijana, ukaishi kwenye theluji miaka sita, ukarudi Tanga na lugha ambayo hukuwa na wa kuongea naye, mpaka Dubai ilipokuita ukiwa na mvi. Siku moja nikakuuliza kuhusu ile herufi kwenye maboksi, R iliyogeukia nyuma: mashine imekosea? Ulicheka mpaka miwani ikashuka puani. "Haijakosea. Inasomwa ya. Maana yake ni mimi."

Tangu siku hiyo, kila mapumziko ya chai ulinipa maneno matano, Kirusi na Kiingereza pamoja. Na mapema kabisa ukanipa sheria ya kazi. Mkalimani hasemi "anasema hivi, anasema vile." Mteja akisema nataka, na wewe unasema nataka. Akisema nimekasirika, unasema nimekasirika. Nilikuuliza, na akidanganya je? Ukanywa chai yako taratibu. "Akidanganya, Pendo, kazi inakuwa ngumu."

Maneno ya kumwitia mtu mnafiki yalianza kwa sababu ya Haji Twaha. Hapo nisikufiche hasira yangu. Yeye ndiye alikuwa msimamizi wetu, mtu wa pwani ya nchi yetu, sauti nzuri, tasbihi haikumtoka mkononi. Kabla ya adhuhuri alitukusanya wote, hata sisi Wakristo, dakika tano za mawaidha. Ile siku ya Julai alizungumzia huruma kwa wafanyakazi. Alisema jasho la mtu ni amana. Alilia kidogo. Kisha akafunga geti, ili gari la wakaguzi likipita lisione ndani, akawaamuru watu wapakue kontena uani kwenye jua la saa saba, saa ambazo sheria ya hapa inakataza kazi za nje wakati wa kiangazi. "Yalla, yalla, kwa baraka za Mungu." Wewe ulichukua kalamu ukaandika kwenye kifuniko cha boksi neno moja: hanzha.

"Huyu ndiye hanzha," ulininong'oneza. "Si mwongo wa kawaida. Ni mtu anayeivaa dini ili usimwone."

Nikataka yote. Ukanipa svyatosha, linalotokana na neno lao la mtakatifu, ila mwisho wake umepindwa liwe la kejeli. Ukanipa litsemer, mtu mwenye uso wa kubadilisha. Kwa Kiingereza ukanipa "hypocrite", ukasema kwa Wayunani wa zamani alikuwa ni mwigizaji tu wa jukwaani, mtu na kazi yake. Ukanipa "sanctimonious", ambalo nilishindwa kulitamka wiki nzima, ukasema kuna wakati lilimaanisha utakatifu wa kweli, watu wakalitumia vibaya mpaka likaoza. Na ukasema hilo hanzha, wanaojua asili ya maneno wanadai limetoka kwa Waturuki, na kwao lilikuwa ni haji. Haji hasa, aliyekwenda Makka akarudi. Nilicheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeanza kujiandaa kwenda Hija mwaka unaofuata.

"Neno halina kosa," ulisema. "Watu wamelichafua."

Nilipotaka kuanza kuwataja wanafiki wa godauni nzima ulinizuia. "Anza na wa kwenu. Wa kwetu nitawataja mwenyewe." Basi nikakusimulia kuhusu dada mmoja wa kanisani kwetu, anayelia kwenye maombi mpaka mtandio unalowa, lakini binti aliyelala naye chumba kimoja alipopata mimba aliwaambia wote wasimsalimie. Ukauliza, na wewe ulimsalimia? Nikachukua ufagio. Hukunisukuma. Ulifunga miwani kwenye kile kitambaa chako cha kijani ukaenda kuswali nyuma ya maboksi ya redieta, mahali ambapo hakuna mtu angekuona. Nilikuona mimi tu, kwa sababu nilikuja kukusanya vikombe.

Sasa rafu ya nne.

Foklifti iliugonga mguu wa chuma wa rafu hiyo ukapinda. Nilikuwa ofisini na sinia mkononi ulipoingia kumwambia Haji. Nakumbuka kila neno. "Haji, mguu wa rafu ya nne umepinda. Tupakue ule mzigo kabla haujaua mtu." Yeye akavuta tasbihi. "Mwalimu, sikiza. Ajali na siku ya kufa zote ziko kwa Mungu. Wewe mcha Mungu wapata wapi hofu hiyo? Tawakali." Ulimjibu kwamba hata ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Alicheka akakupigapiga begani. Wiki tatu zikapita na rafu imesimama vile vile, imeinama kama mtu anayesikiliza.

Siku yenyewe mteja wa Kirusi alitaka giaboksi za aina fulani, na maandishi ya maboksi yalikuwa juu kabisa, ya Kirusi matupu. Nilikuwa nafuta kioo cha ofisi, mlango wazi. Nilimsikia Haji kwa masikio yangu: "Mwalimu, panda usome, mteja angojea. Haraka." Ukasema, "Ile rafu, Haji." Akasema, "Panda, khalas, maneno mengi ya nini?"

Ukapanda. Sitaandika yaliyofuata. Ulikuwepo.

Nitaandika ya siku tatu baadaye, kwa sababu hayo hukuyaona. Mwili wako ulipokwisha kusafirishwa Tanga, tulikusomea dua uani. Haji Twaha aliongoza. Alilia kuliko wote, Mwalimu, alilia mpaka watu wakamshika mikono. Aliwaambia kwamba ulikuwa ndugu yake wa damu. Kisha akatuita ofisini mmoja mmoja, na juu ya meza palikuwa na karatasi ya maelezo ya ajali. Ilisema marehemu alipanda kwenye rafu kwa hiari yake, bila ruhusa, baada ya kukatazwa na msimamizi.

Nikasema, "Haji, mimi nilisikia."

Alinitazama kwa upole. Upole ule ndio ninaouota. "Binti, maiti hasemwi. Tukianza kuchimba, ni yeye tutakayemfukua. Tia saini tumsitiri." Chini ya mkono wake ilikuwepo fomu ya viza yangu, iliyokuwa inasubiri kupelekwa kwa kafeel, mdhamini wangu. Hakuigusa. Hakuitaja. Aliacha tu kiganja chake juu yake.

Nilitia saini.

Umesikia, Mwalimu? Mimi, uliyenifundisha maneno yote yale. Niliandika jina langu chini ya uongo juu yako, kisha nikatoka nikaenda kupika chai ya msiba, na watu wakanisifu kwa jinsi nilivyokulilia.

Ilipita zaidi ya mwezi. Rafu ya nne ilinyooshwa kwa nyundo, ikapakwa rangi, ikarudishiwa mzigo ule ule. Vijana watatu walifanya kazi chini yake kutwa. Kila chuma kilipolia mimi nilimwaga chai.

Ndipo akaja Madam Larisa. Unamjua, yule mshirika wa arbab, tajiri wetu, yule mwenye nywele fupi za kijivu, ambaye alikuwa hazungumzi biashara bila wewe kuwa karibu. Alikuwa kwao ulipofariki. Aliingia asubuhi, saa nne, akakataa kiti, akauliza kwa Kirusi: Sudi alikufaje? Haji hakujua hata neno. Alikuja jikoni mwenyewe kunichukua. "Utafasiri nitakayosema mimi. Usizidishe, usipunguze." Nikakausha mikono. Nikamfuata ofisini.

Nilisimama kati yao, mahali pako.

"Mwambie marehemu alikuwa ndugu yangu," alisema Haji. Nikasema kwa Kirusi: alikuwa ndugu yangu. "Mwambie simuombei kwa ulimi tu, kila swala namtaja." Nikasema: kila swala namtaja. Sheria yako niliishika mpaka hapo. "Mwambie alikuwa mkaidi, Mungu amrehemu. Nilimkataza kupanda, hakusikia."

Nikafungua mdomo niseme nilimkataza. Haikutoka. Najua Kirusi chake, ni neno rahisi, ulinifundisha mwezi wa kwanza. Ulimi ulikataa kulisema kana kwamba ni mimi. Mwisho nikasikia sauti yangu ikisema: "Anasema kwamba alimkataza."

Madam Larisa aligeuka. Alikuwa amefanya kazi na wewe miaka tisa, hukuwahi hata siku moja kumwambia "anasema." Aliacha kumtazama Haji, akanitazama mimi.

"Anasema yeye," alisema polepole. "Na wewe wasemaje?"

"Amesema nini?" Haji akauliza.

Mwalimu, kiyoyozi kilikuwa kinatetemeka, na kupitia kioo nilimwona mmoja wa wale vijana akivuta boksi chini ya rafu ya nne. Nikasema. Kirusi changu kilivunjika vipande vipande, nilichanganya wakati uliopita na ujao, lakini nilisema. Mguu wa rafu. Onyo lako. Wiki tatu. "Panda, khalas." Yote.

Haji Twaha alisikia jina lake na ile "Panda, khalas," akaelewa. Akainuka. "Binti, nini hiki? Waongea nini?" Madam Larisa alikuwa ameshatoka ofisini. Tulimfuata. Alikwenda moja kwa moja kwenye rafu ya nne, akapiga magoti na suruali yake nyeupe, akapitisha kidole kwenye mguu. Rangi mpya ilikuwa imepasuka pale pale palipopinda. Akatazama juu, kwenye maandishi ya Kirusi. Akawapungia wale vijana mkono watoke. Walitoka.

Haji alianza kusema kwa sauti ile ya mawaidha, kwamba ajali na siku ya kufa ziko kwa Mungu, kwamba sisi waja hatuna letu. Madam Larisa hakuelewa maneno, lakini aliona tasbihi ikizunguka na macho yakiinuliwa juu. Akamwambia neno moja. Hanzha.

"Amesema nini?" Haji akaniuliza tena. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama. "Wewe ni mkalimani sasa. Fasiri."

Ulikuwa umeniambia hakuna neno moja la Kiswahili linalolitosha. Mnafiki, tulibishana, ni pana mno. Mzandiki ni zito, lakini halina dini ndani yake. Nilitamani uwepo. Nikasema, "Amesema wewe ni mtu unayejifunika kwa Mungu ili tusione unachofanya."

Uso wa Haji haukubadilika mara moja. Kisha akatabasamu, akaingia ofisini, akarudi na ile karatasi, akamwonyesha Madam Larisa jina langu.

"Na huyu je?" alisema. "Huyu mkweli wenu. Alitia saini kwa mkono wake. Mfasirie na hilo."

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba siku ile kweli aliitumia na yeye. Nikafasiri. Nikasema kwa Kirusi: nilitia saini. Hapo sikusema "anasema." Madam Larisa akauliza kwa nini, nikajibu niliogopa. Aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyepewa kipimo cha kitu. Hakunisifu wala hakunilaumu.

Mambo yalikwishaje? Rafu ya nne ilipakuliwa siku ile ile, kabla ya alasiri, ikakatwa ikauzwa chuma chakavu. Maelezo mapya yaliandikwa, na watu wengine wawili waliokusikia wakijaza yao. Haji Twaha hakufukuzwa. Amehamishiwa godauni lingine, Dubai Investments Park, na naambiwa mawaidha yanaendelea kabla ya adhuhuri. Siku aliyoondoka alinijia mbele ya watu wote, akaniwekea mkono kichwani, akasema kwa sauti ya juu kwamba amenisamehe kwa ajili ya Mungu. Watu wakasema amina. Svyatosha, Mwalimu. Nililimeza neno lile.

Viza yangu haikuendelezwa. Arbab alisema hana shida na mimi ila hapendi kelele. Madam Larisa ndiye aliyenileta kwa mshonaji wake hapa Satwa. Kuna wanawake wengi wa Kirusi wanaokuja kupunguza magauni, na mimi nasimama na futi shingoni, nafasiri kiuno na mabega. Kazi nyepesi. Hakuna kinachoning'inia juu ya kichwa cha mtu.

Na mkeo. Nilimpigia mara ya kwanza siku yalipoandikwa maelezo mapya, nikamsomea kwa simu. Kabla sijafika nusu alinikatiza. "Kumbe aliamrishwa! Nami niliamini kapanda mwenyewe. Sudi hata taa ikiungua alikuwa ananiachia mimi ngazi. Alikuwa akiogopa juu tangu mtoto." Sikulijua hilo, Mwalimu. Miaka yote ile hukunionyesha. Uliposema "ile rafu, Haji," kumbe ulikuwa unaogopa vitu viwili.

Tangu siku ile Bi. Mwanaidi hunipigia kila wiki. Ananiita mwanangu mkweli. Ananiombea: Mungu akuzidishie, wewe hukukubali kumtia doa mume wangu. Na mimi, kila wiki, nimekuwa nikiitikia amina.

Hilo ndilo la leo.

Naiacha kalamu hapa.

*

Saa kumi kasorobo. Nimempigia.

Nilimwambia bila kuzunguka. Mama, ile karatasi ya kwanza, ile iliyosema Mwalimu alikataa kusikia, na mimi nilitia saini. Nilijua ni uongo. Nilikaa nao zaidi ya mwezi.

Nilisikia mfuniko wa sufuria, na mtu akiita hodi kwa mbali, na yeye hakuitikia.

Kisha akasema, "Unajua nilifanya nini siku zile? Nilimkasirikia. Arobaini nzima. Watu walikuja kusoma, mimi nimekaa ndani nasema moyoni, mzee mzima amekwenda kupanda marafu kama mtoto, kaniacha kwa ukaidi wake. Namwombea Mungu amsamehe kwa kosa ambalo hakulifanya." Nikasikia akirudisha mfuniko. "Mngeniacha nimlilie vizuri."

Nilisema nisamehe mama. Akasema, "Usiniambie nisamehe sasa hivi. Nikikwambia nimekusamehe nitakuwa nasema tu." Na kabla hajakata: "Usinipigie. Nitakupigia mimi."

Basi. Nimekaa hapa na futi shingoni. Sikulia. Nina uzito fulani kifuani, ila ni wangu, naujua.

Sitampigia, kama alivyotaka. Lakini nakuahidi hili, Mwalimu. Likizo yangu ya kwanza ni baada ya Ramadhani. Sitashukia Dar nikaenda zangu kwetu Singida. Nitakwenda Tanga kwanza, nifike mlangoni kwake mchana, watu wakiona, nimsikilize yote aliyonayo ya kunisema. Akinikaribisha, nitaingia. Akinifukuza, nitalala kwa jirani nirudi kesho yake. Na nitazuru kaburi lako baada yake yeye, akikubali kunionyesha njia.

Lala kwa amani, mwalimu wangu. Mola akupokelee safari yako ya Hija, ambayo hukuiwahi lakini nia yake aliijua.

Wanapandisha shata. Kuna mteja mlangoni, gauni limemzidi mabegani, na anauliza kwa Kirusi kama kuna anayemwelewa.

Mwanafunzi wako,
Pendo